Serikali iendeshwe kama biashara? Zanzibar hili tumeshalipitia

Mzalia wa Wete

Assalam alaykum wanajukwaa.

Siku hizi ukikaa barazani, Mjini au Chake, hukosi kumsikia mtu akisema Serikali iendeshwe kama kampuni. Mkurugenzi apewe malengo, akishindwa aondoke. Kila taasisi ijitegemee. Kisichoingiza pesa apewe mwekezaji. Wengi wanaosema hivyo wamechoka na faili linalolala mezani miezi, na mtumishi anayekwambia "njoo kesho" bila hata kuinua uso. Uchovu huo ninao na mimi.

Msimamo wangu lakini ni huu, na nitauandika kwa urefu maana naona mambo yanachanganywa. Mfanyabiashara ana haki mbili ambazo Serikali haina: kumchagua mteja wa kumhudumia, na kufunga akahamia kwingine hesabu zinapokataa. Mengine yote ya biashara Serikali iyachukue hata leo: hesabu zinazokaguliwa, kulipa wazabuni kwa wakati, kumpa kazi anayeiweza. Haki hizo mbili ikizichukua, wapo wananchi watakaobaki bila mwenyewe. Na mifano hatuna haja ya kuiazima mbali. Pwani yetu imewahi kuendeshwa na wafanyabiashara waziwazi, kwa mkataba.

Tuanze na forodha. Enzi za Seyyid Said ushuru wa bandari ya Unguja haukukusanywa na Serikali, ulikodishwa. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, watu wa Kutch kule India, ilimlipa Sultani kiwango cha mwaka walichokubaliana, na kilichozidi kikawa chao. Ukiutazama kibiashara ni mpango mzuri mno: Sultani halipi makarani, habebi hasara, pesa yake anaijua kabla mwaka haujaanza. Kilichofuata ni kwamba vitabu vya forodha vilikuwa siri ya nyumba moja. Jairam akashirikiana na Richard Waters, konsuli wa kwanza wa Marekani hapa kuanzia 1837, ambaye naye alikuwa mfanyabiashara, mpaka wageni wengine wakalalamika kwamba bandarini hawapati nafasi. Na Sultani alipobanwa na pesa alimkopa huyo huyo anayemkusanyia ushuru, akiweka rehani mapato ya miaka inayokuja. Seyyid Said alifariki 1856. Wanawe waliokalia kiti walirithi na deni. Majid na Barghash wote walitawala huku aliyeshika forodha ndiye anayewadai.

Kisha yakaja makampuni yenyewe, na bendera zao. Kampuni ya Kiingereza ya William Mackinnon ilipewa na Sultani Barghash mkataba wa kuendesha ukanda wa pwani upande wa Mombasa mwaka 1887, na mwaka uliofuata ikapata hati ya Malkia wa Uingereza. Ilikuwa na ushuru wake, askari wake, hata sarafu yake. Kampuni ya Kijerumani ikakodi pwani ya kusini. Hiyo haikumaliza hata mwaka: Agosti 1888 ilipoingia Pangani kushika forodha, watu walikuja juu chini ya Abushiri bin Salim, Serikali ya Ujerumani ikalazimika kuleta jeshi, na kufika 1891 ikaichukua nchi yenyewe. Ya Waingereza ilijikongoja mpaka pesa zikaisha. Tarehe 1 Julai 1895 Serikali ya Uingereza ilishika usukani na kampuni ikalipwa pauni 250,000. Sasa sikilizeni: pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka kwenye fedha za Sultani wa Zanzibar, zile alizolipwa na Wajerumani kwa kuwauzia pwani ya Tanganyika. Kampuni imeshindwa, wenye hisa wameondoka na fidia yao, deni limeletwa Unguja.

Nije kwenye karafuu, maana hapo Pemba tunalijua jambo hili kwa mikono yetu. Tangu 1968 tuna Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kwa miaka yote hii mnunuzi wa karafuu kisheria ni hilo. Serikali ikawa mfanyabiashara kamili. Ukifika kituo cha kununulia msimu ukiwa umepamba moto, utamwona mkulima anashusha gunia, karafuu zinamwagwa, karani anachota kiganja, anavunja moja kuona kama imekauka sawasawa, anatazama makonyo yaliyobaki na zile zilizopigwa na mvua zikageuka rangi. Daraja la kwanza, la pili, la tatu. Kisha mzani, kisha pesa. Nyuma ya gunia hilo wapo wachumaji waliolipwa kwa pishi, watoto waliochambua usiku, na mtu aliyekimbilia majamvi wingu lilipotanda.

Sasa, katika miaka ya 1970 Serikali ilifanya kile ambacho mnunuzi asiye na mshindani hukifanya: ilinunua kwa bei ndogo sana na kuuza nje kwa bei kubwa. Kwa vitabu vya biashara hiyo ni faida safi. Kwa Pemba ilikuwa mikarafuu isiyopaliliwa, mizee isiyopandwa mingine, na ngalawa zinazovuka usiku kwenda Kenya na magunia. Halafu Indonesia, iliyokuwa mteja mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ikapanda yake, soko likaanguka, na faida ile ya nyuma haikuwa imeacha kitu shambani.

Mambo yalibadilika pale Serikali ya Dk Shein ilipoamua kuanzia 2011 kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Kwa misimu kadhaa daraja la kwanza lilisimama kwenye Sh 14,000 kwa kilo, na Serikali ikaahidi kutoishusha hata soko la nje likishuka. Hakuna mfanyabiashara anayeahidi hivyo. Magendo yalipungua, karafuu zikaingia vituoni, watu wakarudi kuotesha miche. Shirika lilipata karafuu nyingi kwa sababu liliacha kumkamua anayezileta.

La mwisho, umeme. Kabla ya 2010 Pemba tuliishi kwa majenereta ya dizeli pale Wesha. Kisha ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, karibu kilomita 78, kwa msaada wa Norway. Mpe mhasibu wa kampuni yoyote karatasi ile: wateja ni bibi wa Konde anayenunua Tukuza, umeme wa kulipia kabla, ya elfu mbili, msikiti, skuli, kibanda cha kuchaji simu. Pesa itarudi lini? Atakwambia waya usilazwe. Leo kuna mtoto Micheweni anasoma usiku kwa taa ile.

Wenye hoja karibuni, hasa mliofanya kazi bandarini na mashirikani.

Darajani Kwetu

Waalaykum salam sheikh. Uzi umeshiba lakini umetupeleka kwa Seyyid Said ili tusiitazame bandari ya Malindi ya juzi. Mimi naingiza mizigo. Nimeona meli zikikaa nangani wiki na wiki zikingoja zamu ya gati. Kila siku ile inalipiwa: mwenye meli ananitoza mimi, mimi namtoza mwenye duka, mwenye duka anamtoza mama yako kwenye mchele wa Ramadhani. Serikali ilikuwa na bandari ile miaka yote. Mbona haikurekebisha? Tangu Septemba 2023 imepewa kampuni ya kigeni, AGL, wana mitambo, wana mfumo, na mtu ana lengo la kufikia. Jengo la abiria namba tatu pale uwanja wa ndege nalo, kampuni ya Dnata imeingia, tofauti inaonekana.

Na mbona hukuitaja Singapore? Kisiwa kidogo kama sisi, hakina maji wala shamba, kimeendeshwa kama kampuni na leo tunakitamani.

Mzalia wa Wete

Ndugu yangu wa Darajani, la Malindi nakukubalia. Kupakua kontena ni kazi ya biashara: mteja anajulikana, anaweza kulipa, kazi inapimika kwa saa. Hapo mwite anayejua. Ninachokitaka ni Serikali ibaki upande wa pili wa meza ikiwa na akili zake timamu: isome takwimu za bandari yenyewe, isiletewe. Kosa la kukodisha forodha lilikuwa kwamba mwenye nchi hakuwa na kitabu chake mwenyewe.

Ama Singapore, ahsante kuileta, maana inasema kinyume na unavyotaka iseme. Mwaka 1974 waliunda Temasek ili ishike hisa za makampuni ya Serikali, wizara zibaki na kazi ya kutawala. Yaani biashara walizitoa wizarani wakaziweka mahali pake. Na nyumba je? Kiasi cha wakaazi wanane kati ya kumi wanaishi kwenye majengo yaliyojengwa na Serikali. Kampuni ingejenga za matajiri kwanza. Mzee Karume alipoanza majengo ya Michenzani alikuwa na wazo linalokaribiana na hilo, na kama zile nyumba zingepata matunzo ya kila mwaka tungekuwa tunaongea mengine. Mishahara mikubwa ya mawaziri wa Singapore watu wanaitaja haraka, nyumba wanaisahau.

Mbara Temeke

Wakuu salama? Naomba niongeze ya huku kwetu bara. Maji ya Dar yalikabidhiwa kampuni binafsi, City Water, mwaka 2003 kwa mkataba wa miaka kumi. Mei 2005 Serikali ikauvunja. Bomba halikuongezeka kama tulivyotarajia, tukaishia kwenye mabaraza ya usuluhishi nje ya nchi. Reli nayo (TRL) ilipewa kampuni ya India 2007, baada ya miaka michache reli ikarudi serikalini. Net Group kutoka Afrika Kusini waliendesha TANESCO kuanzia 2002 hadi 2006. Hao niseme haki yao: kukusanya madeni walijua, na wadaiwa sugu walikatiwa bila kuangaliwa sura. Ila kuongeza uwezo wa kuzalisha haikuwa kazi yao, na 2006 ukame ulipokuja tulikaa gizani.

Mzee wa Wete, hujagusa ile ya 2017.

Mzalia wa Wete

Nilikuwa nikiiacha kwa heshima, lakini umeitaja, tuiseme. Machi 2017 Rais Magufuli aliagiza TANESCO wawakatie wote wanaodaiwa, na Zanzibar ilikuwa kwenye orodha kwa deni la takriban Sh bilioni 121. Kibiashara ni sawa kabisa: hulipi, unakatwa. Lakini aliyekuwa akikatwa hapo ni visiwa vizima, pamoja na wodi ya wazazi na yule aliyelipia Tukuza yake kabla hajawasha hata taa. Yeye hadaiwi senti. Wazee wenzangu wanakumbuka tulipokatikiwa umeme Unguja, kwa hitilafu na si kwa deni, Mei 2008 kwa karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010: visima vimenyamaza, ndoo ya maji inauzwa. Mwaka 2019 Serikali ya Muungano iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye umeme unaouzwa Zanzibar na kufuta sehemu ya deni. Mambo yalimalizwa mezani kati ya serikali mbili, na hakuna mita wala ankara ambayo ingeyamaliza.

Mama Nesi

Wanaume mnaongea ya meli na waya, mimi niseme ya kituo cha afya. Shehia siitaji.

Kwenye mlango wa friji yangu kuna karatasi. Kila asubuhi na kila jioni naandika nyuzijoto. Ndani mna chanjo, na mna oksitosini, sindano ya kumzuilia damu mama aliyejifungua. Friji ikipata joto ile dawa inapoteza nguvu na kwa macho huioni. Sasa mwezi mwingine akina mama wanaotoka damu nyingi ni wawili, mwezi mwingine hakuna. Alikuja bwana mmoja na mahesabu yake, kijana msomi, akauliza kwa nini tunaweka dawa ambazo zinakaribia kuisha muda hazijatumika, hiyo ni hasara, tupunguze. Nikamwambia mwanangu, hizo ndizo dawa ninazomuomba Mungu ziishe muda hazijaguswa.

Lakini na mimi naitaka biashara, tena naililia. Naitaka ile akili ya mwenye duka anayeagiza mchele gunia likiwa nusu. Sisi tunaagiza panadol ikiwa imeshakwisha, fomu inakwenda wilayani, inatafutiwa saini, mwenye saini yuko semina. Mgonjwa anaandikiwa akanunue. Kwenye Mapinduzi tuliahidiwa matibabu bila malipo; yale bila malipo yanaishia kwenye karatasi ya kwendea duka la dawa. Hapo hakuna aliyetuomba faida. Tunaomba daftari la stoo lifuatwe na mwenye saini apatikane.

Darajani Kwetu

Mama Nesi umesema kweli mpaka nimenyamaza. Lakini hiyo ya saini ndiyo hoja yangu! Kwenye kampuni yangu mwenye saini akienda safari anaacha mwenye kukaimu, la sivyo mzigo unaoza.

Mama Nesi

Basi tuko pamoja mwanangu. Mkaimu tupeni, friji msitupunguzie.

Kijana wa Mkoani

Samahani wakubwa zangu, hakuna aliyetaja bahari na sisi Wapemba bila bahari hatuendi popote. MV Spice Islander ilikuwa ya watu binafsi. Ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 karibu na Nungwi ikija Pemba, imepakia watu na mizigo kupita uwezo wake. Kwetu nyumba nyingi zina jina la mtu wa siku ile. Mwaka uliofuata, Julai 18, MV Skagit ikazama na hiyo.

Kila tiketi ya ziada ilikuwa faida kwa mtu. Aliyetakiwa pale bandarini ni mtu asiye na hisa katika tiketi hizo, aseme imetosha, kamba isifunguliwe. Kazi hiyo haina mapato. Ukimpima ofisa wa usalama kwa pesa anazoingiza, kila meli anayoizuia itahesabika ni hasara kwake.

Serikali ikanunua MV Mapinduzi II, ikafika mwishoni mwa 2015. Tulifurahi. Lakini nayo imelala sana kwa matengenezo, na sisi tunaendelea kupanda za kampuni, ambazo nyingi ziko vizuri kwa kweli. Kwa hiyo mimi sisemi Serikali iendeshe meli. Nasema isimame gatini.

Mzalia wa Wete

Mwanangu wa Mkoani, Allah awarehemu wote waliotangulia. Maneno yako ya gatini nayachukua.

Nina mfano wa Marekani unaokwenda sambamba. Jimbo la Michigan lilimchagua gavana mfanyabiashara, Rick Snyder, aliyewahi kuongoza kampuni ya kompyuta. Mji wa Flint ulikuwa na hali mbaya ya fedha, ukawekewa msimamizi wa dharura asiyechaguliwa na wakaazi, kazi yake kubana matumizi. Aprili 2014 wakaacha kununua maji ya Detroit, wakavuta ya mto wa Flint ili kuokoa dola milioni chache. Maji yale hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu, yakala mabomba, madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaingia kwenye maji ya kunywa ya mji wa watu karibu laki moja. Watu walileta chupa za maji ya rangi ya chai mbele ya wakubwa wakaambiwa ni salama. Mwaka 2020 yalifikiwa makubaliano ya fidia ya zaidi ya dola milioni 600, na sehemu kubwa ililipwa na jimbo. Yule msimamizi alifikia lengo alilopewa. Kwenye lengo lile watoto hawakuandikwa.

Kwa hiyo nikiulizwa nataka nini kwa mikataba yetu hii ya bandari, uwanja wa ndege, hospitali na visiwa vidogo, jibu langu ni jepesi. Mkataba usomwe na Wawakilishi kabla ya kutiwa saini, pamoja na ukurasa unaosema mwekezaji akiondoka nani anabaki na mitambo, wafanyakazi na madeni. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu afike mpaka kwenye vitabu vya mwekezaji. Na kwenye malengo ya mkurugenzi liandikwe la yule mteja asiyelipa chochote.

Eka Tatu

Mzee wangu, mimi ni mkulima wa Mtambile, uzi nimeusoma wote. Kwenye karafuu umelisifu Shirika kuliko inavyostahiki. Sawa, asilimia 80 tuliiona, na waliodondoka mikarafuuni wamewahi kupewa fidia, hilo halikanushwi. Ila kama unasema Serikali isiwe mfanyabiashara, kwa nini ibaki mnunuzi pekee? Mimi na karafuu zangu kavu, daraja la kwanza, kwa nini nikimpata wa kunipa zaidi nionekane mhalifu na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wanitafute baharini?

Mzalia wa Wete

Swali la haki hilo kaka. Hofu yangu ni moja: mlango ukifunguliwa, wanunuzi watajaa Mtambile na Chake msimu ukiwa mkubwa na barabara nzuri. Msimu ukiwa mbovu, nani atafika Makangale kununua magunia matatu ya mtu? Ningependa Shirika libaki kuwa mnunuzi wa mwisho, lenye bei ya chini kabisa linayoitangaza, na wenye leseni waruhusiwe kununua juu ya bei hiyo. Anayepata zaidi apate. Asiye na mnunuzi, kituo kiko wazi.

Eka Tatu

Hilo nalikubali, kwa sharti moja. Hiyo bei ya chini itangazwe kabla hatujawaita wachumaji. Tukishapatana nao pishi kwa kiasi gani na karafuu ziko juani, bei yoyote mtakayotuambia tutaipokea tu.

Darajani Kwetu

Na mimi mnipe leseni, Eka Tatu, nitakuja mwenyewe mpaka Mtambile na mzani uliopigwa muhuri.